Makadirio ya Mashine na Madaftari Yaliyofungwa

Mkazi wa Jabe aliyeuona moshi wa Soko Kuu la Bujumbura tarehe 27 Januari 2013, kisha akahesabu miaka kumi ikipita bila ya soko lile kujengwa upya, hawezi kusikia habari ya mashine yenye kubashiri mradi utakamilika lini na kwa gharama gani ila moyo humwenda mbio kwa matumaini; nami ni mmoja wa wakazi hao. Hata bwawa la Rusumo, ambalo megawati zake 80 twagawana sawasawa na Rwanda na Tanzania, lilipitishiwa na Benki ya Dunia dola milioni 340 mwaka huohuo wa 2013, na umeme wake haukuanza kutoka ila baada ya takriban miaka kumi.

Lakini nimesoma baadhi ya yanayochapishwa kuhusu akili mnemba katika usimamizi wa miradi, hususan ya programu za kompyuta, na nimeingiwa na hadhari. Mashine hizi hufunzwa kwa takwimu za miradi iliyopita, nazo ni chache: mkusanyo mashuhuri wa mtaalamu wa programu Barry Boehm, wa mwaka 1981, una miradi 63 ya kampuni moja ya Marekani, TRW. Ule wa Desharnais, wa Kanada, una miradi 81. Na juu ya misingi finyu namna hii zimeandikwa makala nyingi, aghalabu kila moja ikidai kuipita iliyotangulia. Mwaka 2012 watafiti Martin Shepperd na Stephen MacDonell walizirejea tafiti tatu zilizokwisha kuchapishwa, wakazipima kwa kuzilinganisha na ubashiri wa kubahatisha tu, wakaona mahitimisho yake hayategemeki. Kipimo hicho ni cha insafu: mashine isiyomshinda mtu aliyefumba macho akaokota namba haistahili kukabidhiwa fedha za umma.

Fundi mwashi wa mtaani kwetu, akiulizwa siku za kujenga, kwanza huuliza mchanga utaletwa na gari la nani, na kama esansi, yaani petroli, yapatikana. Mashine iliyolelewa kwa miradi ya ng'ambo haijapata kuijua foleni ya esansi.

Basi nataka kila mtafiti aandike makadirio yake kabla kazi haijaanza, ayaweke amana kwa mwingine, kisha ayachapishe hata yakikosea. Na wizara zetu zifungue madaftari ya miradi iliyokwisha, tarehe iliyoahidiwa kando ya tarehe iliyotimia, ili wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi pale Mutanga wapate cha kupimia. Wako watakaoona haya. Mtafiti Bent Flyvbjerg na wenzake, walipochunguza miradi 258 ya usafiri katika nchi 20 na kutoa matokeo mwaka 2002, walikuta tisa katika kila kumi imepita gharama iliyokadiriwa, na nchi tajiri zimo. Aibu hiyo wameshirikiana wengi, na haikujulikana ila kwa sababu hesabu ziliwekwa wazi. Sisi na tuanze na daftari la Rusumo.