Tusingoje Giaboksi Ife Ndipo Tuulize Oili

Wakati wa masika, tukiwa safarini katika Kata ya Nyanungu, Wilaya ya Tarime, tulilikuta gari dogo la abiria limekwama katikati ya mwinuko. Injini yake ilikuwa ikinguruma kwa nguvu zote, lakini magurudumu hayakusogea hata shubiri moja. Ndani yake alikuwamo mama mjamzito aliyekuwa akipelekwa hospitali Nyamwaga. Vijana wa jirani walijitokeza, wakasukuma. Gari likapanda hatua chache, kisha likarudi nyuma. Mwisho mama yule alipakiwa katika pikipiki, ndugu yake akimshikilia kwa nyuma, wakaondoka hivyo hivyo katika tope. Twamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba alifika salama.

Dereva wa gari lile hakuwa mlevi wala mtu asiyejali kazi yake. Tulipomwuliza, alitujibu kwa unyenyekevu kwamba gari lilikwisha kutembea zaidi ya kilomita laki mbili na nusu. Kwamba kwa miezi kadhaa lilikuwa likichelewa kushika gia. Na kwamba fundi wake alimwonya asiguse kamwe oili ya giaboksi, kwa kuwa gari kuukuu likibadilishiwa oili hiyo giaboksi hufa. Ndugu yetu alitii. Giaboksi ikafa vile vile.

Tumeona vema kulizungumza jambo hili leo kwa sababu onyo alilopewa dereva yule lasikika katika kila gereji, kuanzia Tarime hadi Musoma, na kuanzia Bunda hadi Nansio. Ndugu zetu wa Ukerewe, Ukara na visiwa vingine vya Ziwa Victoria wasidhani kuwa haya ni mambo ya watu wa milimani peke yao. Gari likifa giaboksi Nansio halina njia ya mkato. Litavutwa hadi Rugezi, litangoja kivuko, litavuka hadi Kisorya, na huko ndiko safari ya kumtafuta fundi na kifaa itakapoanza. Mkazi wa Nyanungu na mkazi wa kisiwani wako katika hali moja: wote wawili wako mbali na msaada, na kwa ajili hiyo wote wawili wapaswa kuwa waangalifu kuliko mtu wa mjini.

Zamani jambo hili halikutusumbua. Magari yaliyotujengea wilaya zetu, Land Rover na malori, yalikuwa ya gia za mkono, na dereva aliyajua kama mkulima ajuavyo jembe lake. Leo barabara zetu zimejaa magari yaliyotumika Japani, na mengi kati ya hayo ni ya otomatiki. Ndiyo yanayobeba abiria katika Kanda ya Ziwa kwa jina la michomoko. Ndiyo ya walimu, wafanyabiashara na waganga. Na hata yale makubwa ya maofisa, ambayo wananchi wameyaita mashangingi, mengi ni ya namna hiyo hiyo. Gari la aina hii hufika bandarini likiwa limekwisha kutembea sana, na tarakimu zilizo katika dashibodi si lazima ziwe za kweli. Kitabu cha matengenezo ama hakipo, ama kimeandikwa kwa Kijapani. Mnunuzi hajui kama oili ya giaboksi iliwahi kubadilishwa hata mara moja.

Yafaa basi tuelewe kazi ya oili hiyo. Katika gari la gia za mkono, oili ya giaboksi kazi yake kubwa ni kulainisha meno ya gia. Katika gari la otomatiki, oili ni kiungo chenyewe cha kazi. Ndiyo inayopokea nguvu ya injini ndani ya konveta na kuipeleka mbele. Ndiyo inayosukumwa na pampu kupita katika vijia vyembamba na kubana pleti za klachi ili gia ishike. Ndiyo inayolainisha, na ndiyo inayobeba joto kulipeleka kwenye rejeta. Oili ikichoka, kazi zote hizo huchoka pamoja nayo.

Oili hii ina historia yake. Kampuni ya General Motors ya Marekani ilipotoa giaboksi yake ya Hydra-Matic mwaka 1939, ikauzwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940, ulikuwa mwanzo wa magari ya otomatiki kuenea kwa wingi. Kwa miaka mingi oili zake zilichanganywa mafuta ya nyangumi, kwa kuwa yaliifanya klachi ishike kwa ulaini. Katika miaka ya 1970, Marekani ilipopiga marufuku biashara ya mafuta hayo ili kumlinda mnyama huyo, ilibidi wataalamu watafute madawa mengine ya kuweka mahali pake. Tunalitaja hili kuonyesha kwamba oili hii imetengenezwa kwa hesabu maalumu, na kwamba madawa yaliyomo ndani yake hupungua nguvu kadiri gari linavyotembea.

Adui mkubwa wa oili hiyo ni joto. Wahandisi hukadiria kwamba oili inapozidi joto lake la kawaida, kila nyuzi 10 za Selisiasi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa karibu nusu. Sasa na tuitazame hali yetu. Gari lililotengenezwa kwa barabara za lami za Japani limejazwa abiria kupita kiasi, lapanda milima ya Tarime kwa mwendo wa kobe, magurudumu yakiteleza katika tope. Hapo konveta huikoroga oili bila gari kwenda, na joto hupanda upesi. Kwa hiyo mtu anayesema kwamba oili ya gari lake ni ya maisha yote ya gari, kama baadhi ya watengenezaji walivyoandika, ajiulize ni maisha gani yaliyokusudiwa. Kampuni ya ZF ya Ujerumani, ambayo giaboksi zake zimo katika magari mengi ya Ulaya, yenyewe imeshauri oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au baada ya miaka 8. Ikiwa ushauri huo watolewa Ujerumani, sisi wa barabara za vumbi na tope tutajitetea kwa hoja gani?

Turudi kwenye onyo la fundi. Hatusemi kwamba ni uongo mtupu. Ni kweli yako magari yaliyobadilishiwa oili yakafa baada ya siku chache. Lakini yatupasa kuuliza yalibadilishiwa katika hali gani. Wenye magari wengi hawaikumbuki oili ya giaboksi mpaka gari lianze kuteleza. Kufikia hapo pleti zimekwisha kulika, na unga wake unaelea katika oili nyeusi. Oili mpya haiwezi kurudisha pleti iliyolika. Na kwa kuwa ina dawa ya kusafisha, huweza kubandua uchafu uliogandamana na kuupeleka katika vijia vya vali. Giaboksi inakufa, nayo oili mpya inabeba lawama. Ni sawa na mgonjwa aliyefichwa nyumbani mpaka akawa mahututi, akapelekwa hospitali, akafariki siku ya pili, na jamaa zake wakarudi wakisema kwamba hospitali ndiyo iliyomwua.

Sababu nyingine ni ufundi mbovu. Wapo wanaomwaga oili na kujaza yoyote iliyopo dukani mradi ni nyekundu. Hilo ni kosa kubwa. Oili ya Toyota iitwayo T-IV na ile iitwayo WS hazibadilishani, na magari ya mfumo wa CVT, kama vile baadhi ya Vitz na Noah, yana oili yake peke yake. Wapo pia wanaotumia mashine ya kusukuma oili kwa nguvu katika giaboksi kuukuu, wakatibua uchafu wa miaka kumi kwa saa moja.

Njia ya busara ipo, nayo haihitaji mitambo mikubwa. Kwanza, itazamwe oili yenyewe. Ikiwa yaelekea uwekundu, au imekuwa kahawia kidogo, na gari lashika gia vizuri, hapana sababu ya hofu. Ibadilishwe kwa ratiba. Ikiwa ni nyeusi na ina harufu ya kuungua, na gari lateleza, mwenye gari aambiwe ukweli kwamba oili peke yake haitaliponya, ili aamue mapema kama atafungua giaboksi au ataweka nyingine. Asichukue fedha ya watu kwa safari ya mlimani akijua hali hiyo.

Pili, gari kuukuu ambalo bado lashika gia lakini historia yake haijulikani libadilishiwe oili kwa awamu. Ukifungua nati ya chini ya sampu, haitoki oili yote. Sehemu kubwa hubaki ndani ya konveta na mabomba. Tuchukue mfano wa giaboksi yenye lita 8, ambayo hutoa lita 3 tu ikimwagwa. Baada ya kumwaga na kujaza mara moja, oili kuukuu iliyobaki ni zaidi kidogo ya asilimia 62. Mara ya pili hubaki 39. Mara ya tatu hubaki 24. Kati ya awamu na awamu gari liachwe litembee kilomita elfu moja au mbili. Hivyo giaboksi huzoeshwa pole pole, na mwenye gari hupata nafasi ya kusimama akiona dalili mbaya.

Tatu, sampu ifunguliwe, filta ibadilishwe au isafishwe kulingana na aina yake, na sumaku zilizomo zitazamwe. Ujiuji wa kijivu juu ya sumaku ni jambo la kawaida. Vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole ni habari mbaya. Oili iliyotoka ipimwe, na ijazwe kiasi kile kile. Kisha kina chake kihakikishwe kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Katika Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, gari husimamishwa mahali palipo sawa, injini ikiwa ya moto na inaunguruma, gia ikiwa imepitishwa kila mahali na kurudishwa kwenye P. Magari yasiyo na kijiti yapelekwe kwa fundi anayejua kupima kwa joto la oili. Kuzidisha ni kosa kama kupunguza.

Sasa twawageukia viongozi na watumishi wa Serikali. Gari la umma ni amana. Wakala wa Ufundi na Umeme, TEMESA, ulianzishwa mwaka 2005 na kupewa dhamana ya matengenezo ya magari ya Serikali pamoja na vivuko. Lakini karakana haiwezi kulihudumia gari ambalo halikuletwa. Katika nyua za ofisi nyingi kuna magari yaliyoinuliwa juu ya mawe, majani yakiota kati ya magurudumu, yakingoja mnada. Baadhi yake hayakuuawa na ajali. Yaliuawa na lita chache za oili ambazo hakuna aliyeziandika katika makisio ya mwaka. Fedha ya mafuta ya safari hupatikana, fedha ya posho hupatikana. Fedha ya oili ya giaboksi huambiwa ingoje. Kisha hutafutwa fedha iliyo mara nyingi zaidi ya hiyo ili kununua giaboksi ya mtumba, ambayo nayo haijulikani ilikotoka.

Kwa hiyo tunatoa wito kwamba kila halmashauri iingize oili ya giaboksi katika ratiba ya matengenezo ya kila gari lake la otomatiki, ikiandikwa kilomita, tarehe na aina ya oili iliyowekwa. Na kwamba dereva akitoa taarifa kuwa gia zinachelewa, taarifa hiyo isilale mezani. Twaviomba pia vyuo vya VETA viwafikie mafundi wa vijijini kwa mafunzo mafupi, maana hao ndio wanaotengeneza magari yetu, na wengi wamejifunza kwa kusikia tu. Shirika la Viwango, TBS, nalo lizidi kuwabana wauzaji wa oili bandia, kwa sababu makopo ya aina hiyo hupelekwa kwanza kule ambako mnunuzi hana wa kumwuliza.

Jambo moja zaidi kwa ndugu zetu wa visiwani na wa mialoni. Oili iliyomwagwa isiachwe itiririke ziwani wala mtoni. Mto Mara unapita Tarime na Serengeti ukaingia Ziwa Victoria, na maji hayo ndiyo tunayokunywa na kuvua samaki. Oili chafu iwekwe katika madumu na ikabidhiwe mahali inapokusanywa.

Kwa wenye magari ya abiria twasema hivi: barabara ya Nyanungu haitakuwa tambarare kesho, wala maji hayatakauka kati ya Rugezi na Kisorya. Lililo katika uwezo wetu ni kulikagua gari kabla halijapakia mgonjwa. Yule mama alifika kwa pikipiki. Mwingine, usiku, mvua ikinyesha, huenda asifike. Kila mwenye gari kuukuu aitazame oili yake wiki hii, na kila mkuu wa idara aulize ni lini gari lake lilibadilishiwa mara ya mwisho. Akikosa jibu, ajue kazi imekwisha kuchelewa.