Toba Isiyorudisha Haijafika

Mikutano ya injili inapokaribia kufungwa, mhubiri huwaita wenye dhambi mbele, nao huja, wengine wakilia, wengine wakipiga magoti. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini hebu tumfuate mmoja wao mpaka kwake. Tuseme ni mweka hazina wa kikundi cha kuweka na kukopa, aliyekula fedha za wanachama kisha akaandika daftarini kwamba zimekopeshwa. Ameombewa, amepokelewa kwa vigelegele. Kesho yake mjane mwenye hisa katika kikundi hicho bado hana ada ya mwanawe, na daftari bado linasema uongo. Je, mtu huyu ametubu? Nasema ameanza, hajafika. Mungu husamehe kwa neema, bila malipo. Lakini aliyesamehewa hana ruhusa ya kuendelea kushikilia mali ya jirani, jina la jirani, wala haki ya jirani.

Maandiko yako wazi katika jambo hili. Sura ya 6 ya Mambo ya Walawi inamtaja mtu aliyekana amana, aliyedhulumu, au aliyeokota kilichopotea kisha akaapa kwamba hakukiona. Huyo aliamriwa arudishe kitu chenyewe na kuongeza sehemu ya tano, tena siku ileile ya kuleta sadaka yake ya hatia. Haikukubalika aende madhabahuni leo na kwa jirani mwakani. Sura ya 5 ya Hesabu inaongeza kwamba kama hakuna ndugu wa kupokea fidia, basi apewe kuhani; mkosaji hakuachiwa upenyo wa kubaki nayo. Yesu naye, katika Mathayo 5, anamwagiza mwenye sadaka mkononi, akikumbuka kwamba ndugu yake ana lawama dhidi yake, aiache palepale akapatane naye kwanza. Zakayo wa Yeriko, mkuu wa watoza ushuru, hakungoja kuagizwa: aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kumrudishia mara nne kila aliyemtoza kwa hila. Hata Paulo, alipomwombea Onesimo kwa bwana wake Filemoni, hakutaka hasara ipuuzwe. Aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba angeilipa yeye.

Sababu ya ukali huu ni kwamba dhambi haiishii moyoni mwa aliyeitenda. Mfalme Daudi alipokiri mbele ya nabii Nathani, aliambiwa papo hapo kwamba Bwana amemwondolea dhambi yake. Hata hivyo Uria, aliyeuawa kwa agizo la Daudi, alikuwa kaburini, na nyumba ya Daudi ikaingia damu: mwanawe Amnoni akamnajisi dada yake Tamari, ndugu yao Absalomu akamuua Amnoni, kisha akamwinukia baba yake. Msamaha ulikuwa wa kweli, na madhara yalikuwa ya kweli vilevile. Anayehubiri kwamba sala moja inafuta yote hayo anawadanganya waumini, na anamsahau kabisa aliyeumizwa.

Kanisa limelijua hili kwa muda mrefu. Mwanzoni mwa karne ya 5, Augustino wa Hippo alimwandikia ofisa wa serikali aitwaye Macedonius kwamba mtu anayeweza kurudisha alichokitwaa naye asirudishe, toba yake ni ya kuigiza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inafundisha kwamba aliyeungama bado ana wajibu wa kurekebisha madhara kadiri awezavyo: kurudisha kilichoibwa, kusafisha jina alilolichafua. Na huku kwetu, uamsho uliowaka Gahini, mashariki mwa Rwanda, katika miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, uliwatambulisha walokole kwa jambo hilohilo. Waliungama kwa kutaja kosa lenyewe, wakarudisha vitu vilivyoibwa na kulipa madeni ya zamani. Majirani wasiojali mahubiri walilazimika kuyajali matendo hayo, maana mali ilikuwa imerudi mikononi mwao.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kuuza wokovu kwa matendo, na kwamba yule mhalifu msalabani hakurudisha kitu akaingia peponi. Ni kweli, lakini alikuwa amefungwa, na uhai wake ulikuwa umebaki saa chache. Alichoweza alikifanya, akakubali hadharani kwamba adhabu yake ni halali. Sisi tuna mikono iliyo huru. Zakayo hakununua neema. Yesu alijialika nyumbani kwake kabla hajatoa hata senti. Kurudisha ni tunda la neema, na mti usiozaa tunda hilo una shida kwenye mizizi. Wengine watataja habari za Yuda, aliyerudisha vipande 30 vya fedha akaangamia. Yuda anatufundisha upande wa pili: alirudisha fedha, yeye mwenyewe hakurudi kwa Bwana wake. Petro, aliyemkana Bwana huyohuyo, alilia, akarudi. Toba inataka yote mawili.

Pingamizi lililo zito zaidi ni hili: yako mambo yasiyorudishika. Nani atarudisha uhai, au ujana wa binti aliyeharibiwa? Hakuna. Lakini asiyeweza kurudisha yote hajasamehewa wajibu wa kurudisha anachoweza. Muuaji anaweza kusema ukweli na kuikubali hukumu bila kuhonga mtu. Aliyemkana mtoto anaweza kumkubali na kumlea. Aliyezua uongo anaweza kuukanusha mbele ya watu walewale aliowaambia. Ni kweli pia kwamba maungamo ya kukurupuka huweza kuwaumiza wasiohusika. Ndiyo maana mwenye kutubu atafute ushauri wa mchungaji au padri, ajue aseme nini na kwa nani. Busara hiyo ni ya kuchagua njia, wala isigeuzwe kisingizio cha kunyamaza.

Basi, ndugu msomaji, kabla ya kukimbilia mkutano mwingine, jiulize ni nani anakudai. Kama ulisogeza mpaka wa shamba, urudishe pale ulipokuwa. Kama ulizuia mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani, umlipe na nyongeza juu. Kama huwezi kulipa kwa mara moja, nenda ukakiri deni, mpange kulilipa kidogo kidogo. Nanyi wachungaji, mtu akija mbele akilia, mwombeeni, kisha mumuulize amemkosea nani, na mwende naye akalitengeneze. Tukifanya hivyo, aliyedhulumiwa naye atakuwa na sababu ya kushangilia wokovu wa aliyemdhulumu.