Bibi Harusi, Usimnyonye Muuza Senene

Nimerudi kutoka Bukoba na Muleba, msimu wa senene. Barabarani kina mama wamekaa na mabeseni, wananyonyoa mbawa na miguu, senene mmoja mmoja. Wengine wamekesha kwenye mitego ya taa. Mwenzetu, bibi harusi mtarajiwa, akakomaa apunguziwe shilingi mia tano mpaka mama wa watu akakubali kwa unyonge. Shela lake la Dubai alililipia bila kuuliza mara mbili!

Mimi fundi cherehani, najua uchungu wa kazi ya mkono kudharauliwa. Kupatana bei si dhambi. Kumkandamiza mnyonge ndiyo aibu. Mtume (S.A.W) alimuombea rehema aliye mwepesi anapouza na anaponunua. Ndoa ya baraka ianzie hapo.