Corolla Cross ya haibridi: inastahili bei yake?

Wengi mmeniuliza kuhusu Toyota Corolla Cross ya haibridi, inayoundwa Durban tangu 2021. Nimeiendesha hapa Johannesburg, zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, ambako hewa nyepesi huipunguzia injini ya petroli nguvu. Mota ya umeme haiathiriki. Kwenye foleni ya Midrand hadi Sandton inateleza kimya, na ukikanyaga breki betri inajichaji. Haichomekwi ukutani, kwa hiyo mgao wa umeme si tatizo. Kwenye mlima mrefu injini ya lita 1.8 inanguruma bila haraka. Watu wazima wanne wanakaa vizuri, masanduku yanaingia. Foleni ni yako kila siku? Nunua. Unasafiri barabara kuu tu? Ya petroli inatosha. Pesa itakayobaki ilipe ada za watoto.