London Si Karibu, Maiti Asisubirishwe

Leo tuna neno juu ya kauli moja inayowaumiza watu misibani: "Siku hizi London karibu, ndege tu."

Karibu wapi? Kutoka London mpaka Unguja, kwa njia iliyonyooka, ni kiasi cha kilomita 7,400. Ndege ya kilomita 900 kwa saa ingezimaliza kwa masaa 8 na kitu. Hiyo ndiyo hesabu watu wanayoiona kwenye simu, kisha wanaanza kumhesabia mtoto wa marehemu. Lakini safari zetu hazinyooki. Ukipitia Doha, kwa mfano, ni karibu masaa 7 mpaka Doha, na karibu masaa 6 kutoka Doha mpaka Unguja. Kilomita zimeshafika kama 9,000, na hujahesabu kungoja ndege ya pili, wala kufika uwanjani mapema.

Sasa mama amefariki saa kumi na moja alfajiri. London, wakati wa baridi, ni saa nane usiku. Mtoto anaamshwa na simu, analia, anatafuta tiketi, anatafuta pasi, anatafuta wa kumwachia watoto. Hata akibahatika kuondoka na ndege ya saa mbili asubuhi, Alasiri ya Unguja itaadhiniwa yeye yuko angani, Doha hajaiona. Nyumbani anaingia usiku wa manane.

Sisi tunasema mama azikwe. Mtume (S.A.W) ametuhimiza kuliharakisha jeneza, na kumweka maiti kwenye barafu siku mbili ili mmoja wetu auone uso, hatuoni kuwa ni kumtendea wema. Tunajua inauma. Wanawake wa hapa kwa desturi hatulifuati jeneza. Kuaga kwetu ni mule ndani, akishakoshwa na kukafiniwa. Ukikosa pale, umekosa.

Kwa hiyo dada zetu mlio mbali, semeni mapema, mama akiwa bado mzima. Mwambieni kaka au mjomba: "Likitokea la kutokea, mimi msinisubiri." Si neno la kumuuliza mtu saa nane usiku, tena kwa simu inayokatikakatika.

Na sisi tulio nyumbani tuna letu. Nguo za mama zisigawiwe kabla binti hajafika. Kanga aliyolalia siku ya mwisho isifuliwe. Na yale maneno ya "mbona mwenzio wa Dubai kawahi" tuyaache. Dubai ni ndege moja, chini ya masaa 6, na mwenzake hakuwahi kwa mapenzi zaidi.

Akifika, mwacheni aingie chumbani kwa mama yake kwanza, peke yake. Chai na maswali ya safari baadaye.