Tusi moja, lugha mbili

Siku moja ukumbini, mwalimu alimwambia mwenzetu kwa Kifaransa kwamba hafai kitu. Tulicheka, naye akacheka. Dakika chache baadaye mwalimu yule yule akamwita «mupumbafu». Hakuna aliyecheka. Mwenzetu alifunga daftari lake akatoka.

Maana ilikuwa karibu ile ile. Mbona neno la pili ndilo lililochoma?

Mwaka 2003 Catherine Harris na wenzake walichapisha utafiti juu ya Waturuki waliojifunza Kiingereza baada ya utoto. Walipima umeme wa ngozi, unaopanda mtu anaposhtuka. Makaripio ya aina wanayopewa watoto yaliwashtua zaidi kwa Kituruki kuliko kwa Kiingereza. Mwaka 2025 watafiti, wakiwemo wa Virginia Tech huko Marekani, waliingia ndani zaidi. Waliwaonyesha maneno wagonjwa waliokuwa wakipasuliwa ubongo kwa matibabu, huku wakipima dopamini, serotonini na noradrenalini, yaani kemikali ambazo seli za ubongo hutumia kupashana habari. Kiasi cha kemikali hizo kilibadilika kulingana na neno: zuri, baya au la kawaida.

Sisemi kwamba tusi moja humfelisha mtu mtihani; wagonjwa wale walikuwa wachache, na maneno yao yalikuwa ya Kiingereza. Lakini haifai tena kusema «ni maneno tu». Neno huingia mwilini, na lugha tuliyokaripiwa nayo utotoni ina njia yake fupi.

Hapo ndipo ninapoilaumu fakulte yetu. Tunachambua ngeli na viambishi mpaka usiku, lakini hatuulizi neno linamfanya nini anayelisikia. Katiba ya 2006 inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, lakini tunasoma kwa Kifaransa na kutukanwa kwa lugha ya mama. Kwa nini kusiwe na kazi ya kumaliza masomo juu ya maneno makali katika Kiswahili chetu? Hatuhitaji mashine ya kupasua kichwa. Orodha ya maneno, watu wa kuwauliza na uvumilivu vinatosha kwa kuanzia.

Na walimu wetu, kwa heshima yote: kama lugha ya nyumbani inachoma hivyo, basi hata sifa zikisemwa kwayo zitafika mbali. Mtujaribu siku moja.