Historia ya Kwale si minyororo peke yake

Mgeni akivuka Likoni, akaipita Diani na Msambweni, kisha akaiacha barabara kuu ya Lunga Lunga na kushika ile iendayo baharini, mwisho wa safari yake huwa ni Shimoni. Huko ataonyeshwa pango. Ataingia gizani, ataonyeshwa vyuma vilivyopigiliwa katika jiwe la matumbawe, na ataambiwa kwamba hapo ndipo mateka walipofungwa wakingoja majahazi. Atatoka ameinamisha kichwa, naye ataamini kwamba ameijua historia ya pwani ya kusini. Kijiji cha Kibuyuni ki jirani tu, lakini ni nadra mgeni kuambiwa apitie huko kutafuta historia, kwa kuwa Kibuyuni hakuna pango.

Sina ugomvi na pango la Shimoni. Sultan Barghash wa Zanzibar alipotia sahihi mkataba wa mwaka 1873 wa kupiga marufuku biashara ya watumwa baharini, biashara haikufa. Ilijificha, ikahamia bandari ndogo zisizo na macho mengi. Katika himaya ya pwani ya Kenya utumwa wenyewe haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1907. Mambo hayo lazima yasemwe, na yasemwe kwa sauti. Nisemalo mimi ni kwamba kile chuma ukutani ni chombo cha mfungaji. Hakituambii aliyefungwa alitoka kijiji gani, alilima nini, wala alimbeba mtoto wake kwa nguo ya namna gani. Tukikiachia chuma hicho peke yake kazi ya kutuhadithia habari za Kwale, tutakuwa tumempa mfungaji nafasi ya kusema mara ya pili.

Tena jambo hili si la Shimoni tu. Nenda Ngome ya Yesu mjini Mombasa: utakuta vitu vilivyoopolewa kutoka katika chombo cha Kireno, Santo António de Tanná, kilichozama mbele ya ngome hiyo mwaka 1697. Nenda Lamu: utaziona siwa mbili mashuhuri, ya shaba ya Lamu na ya pembe ya Pate, fahari ya watawala. Vitu vya thamani vyote hivyo, na kazi ya kuvihifadhi ni ya kusifiwa. Hata hivyo, la mwenye enzi hupata kabati la kioo, na la mwenye jembe huachiwa mchwa.

Kuna kitu kimoja cha Kwale ambacho Wakwale wengi hawajapata kukiona. Ni nishani. Mwezi wa Agosti mwaka 1895, majeshi ya Kiingereza chini ya Admirali Rawson yalipanda kutoka pwani yakaivunja Mwele, ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, bwana wa Gasi. Mbaruk aliendelea kupigana hadi mwaka uliofuata, kisha akavuka kuingia kwa Wajerumani, akafia Dar es Salaam mwaka 1910. Askari waliokwenda kumpiga walipewa nishani yenye sura ya Malkia Victoria, na ukingoni mwake likachongwa jina la Mwele. Kwa hiyo jina la mahali petu, huko bara nyuma ya Gasi, limezunguka dunia likiwa limechongwa katika fedha, na wakusanyaji wa Ulaya huziuza na kuzinunua nishani hizo hadi leo. Nikimwuliza mwanafunzi wa Msambweni Mwele ni nini, sidhani wengi watanijibu.

Wachimbaji wa mambo ya kale wametuonyesha njia nyingine. Huko Vumba Kuu, karibu na Vanga, mji wa madiwani wa Kivumba wa karne ya 14 na 15, msikiti na ukuta vilikuwa vya mawe, lakini watu waliishi katika nyumba za udongo, na katika mchanga wake vimejaa vigae vya vyungu vilivyofinyangwa papa hapa pwani. Mwenye kutafuta vyombo vya Uchina atasikitika. Mwenye kutaka kujua watu walipika nini na walikula na nani, hapo ndipo penye hazina yake.

Sasa tuyatazame yaliyo karibu nasi zaidi, maana yanapotea mbele ya macho yetu. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilifungwa mwaka 1988. Miaka mingi kilikuwa ndicho saa ya nchi hii: king'ora kikilia watu huamka. Wako wapi waliohifadhi panga moja la kukatia miwa, kadi moja ya mshahara, kipande kimoja cha reli ya magari ya miwa? Chuma kikilala huitwa chakavu, na chakavu kina wanunuzi wake.

Miwa hiyo na mkonge ndiyo iliyowaleta Wamakonde kutoka Msumbiji, tangu miaka ya 1930. Walilima, walichonga vinyago, walizaa wakazika, na bado wakahesabiwa wageni. Mwezi wa Oktoba mwaka 1976? La, msomaji, si zamani hivyo: ilikuwa Oktoba 2016 walipofunga safari kutoka Kwale hadi Ikulu ya Nairobi kudai uraia, na mwaka uliofuata wakaanza kupewa vitambulisho. Wapemba wa pwani hii nao walingoja hadi 2023. Kama ningeulizwa ni kitu gani kiwekwe mbele katika jumba la makumbusho la Kwale, nisingetaja upanga wala kiti cha enzi. Ningeomba kinyago cha Kimakonde, na kando yake kitambulisho cha kwanza cha mzee aliyekichonga, kwa ridhaa yake mwenyewe. Kadi hiyo nyembamba ina historia kuliko mzinga.

Watu husema hilo ni jukumu la Nairobi. Si kweli tena. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali lake la Nne, imezitaja makumbusho miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Nairobi imebaki na makumbusho za taifa na maeneo ya kale yenye umuhimu wa kitaifa. Kwa hiyo swali ni la Kwale. Na wakati haungoji: uchimbaji wa titani, ulioanza mwaka 2013 ukabadilisha sura ya vijiji vya bara ya Msambweni, ulikoma Desemba 2024. Je, kuna aliyetia akiba chupa moja ya ule mchanga mweusi, au picha ya mwembe uliong'olewa?

Ndiyo maana narudi Kibuyuni. Hapo wanawake wanalima mwani baharini, kilimo kilichoshika mizizi upande huu baada ya Unguja na Pemba kukianza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980. Bahari ikikupwa wakati wa bamvua, hushuka na vigingi na kamba, hufunga vipande vya mwani kimoja kimoja, na baada ya wiki sita hivi huvuna na kuanika. Vyombo vyao ni duni kwa macho: kamba iliyochakaa, kigingi, gunia, kanga iliyofungwa kiunoni. Lakini kamba hiyo ina mengi. Inasema pwani ilipomwachia mwanamke kipato chake mwenyewe, na inasema bahari inavyopata joto, kwa maana mwani wa kotoni, wenye bei nzuri, hufa maji yakichemka, na mkulima akalazimika kubaki na ule wa bei ndogo.

Kamba ya namna hiyo haidumu. Chumvi na jua huimaliza upesi, na ikikatika hutupwa. Ichukuliwe moja leo, ingali na mafundo yake, na aliyeyafunga aulizwe kibandiko chake kiandikwe nini, kwa Kidigo, Kivumba au Kichifundi, kabla ya Kiingereza.